Huyu Iko Hapa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Bagira hakuna aliyethubutu kutia tonge mdomoni wakati radio inatangaza vifo. Ilikuwa saa sita za mchana, bugali bado unatoa moshi, na bibi yetu, tuliyemwita Koko, aliinua mkono mmoja tu, sote tukanyamaza. Jina la marehemu likifanana na jina la mmoja wetu pale mezani, Koko alimwekea huyo mkono kichwani na kusema: "Huyu iko hapa." Ndipo kifo, kwa maelezo yake, kilipotambua kwamba kimekosea nyumba, kikaendelea na safari yake. Baada ya hapo tuliruhusiwa kula.

Tulikuwa Wakatoliki wa kubatizwa, misa kila Jumapili, rozari mwezi wa tano na wa kumi. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Hata leo mtu akiniuliza kama niliamini, namjibu kwamba sikuulizwa. Niliguswa kichwa tu, kama wengine.

Mdogo wangu Nsimire alikuwa na miaka saba, mimi kumi. Majirani walimwita bubu, jambo lililonishangaza, maana alisema kutwa nzima. Ila maneno yake yalikuwa ya watu wengine. Ukimwuliza "Unataka chai?" alikujibu "Unataka chai?" kwa sauti yako mwenyewe, pamoja na kikohozi chako. Aliweza kukurudishia mahubiri ya padri kuanzia ishara ya msalaba hadi mwisho, na muuza mikate wa asubuhi akinadi, na Mama akigombana na cherehani yake. Macho yake hayakukutazama. Yalitazama karibu nawe. Na kitu kilichoanza kilikuwa lazima kiishe. Viatu vya mlangoni alivipanga viwili viwili, na kimoja kikikosekana alilia mpaka kipatikane, hata kama mwenye kiatu alikuwa amekivaa kwenda sokoni.

Matangazo ya vifo aliyapenda kuliko yote. Aliyashika maneno yake yote, sauti nzito ya mtangazaji, hata ule mpumuo mdogo kabla ya jina. Mimi, mwenye kiherehere, nikageuza jambo hilo kuwa mchezo. Tukiwa nyuma ya nyumba tunachambua maharagwe, nilimsogelea na kumnong'oneza sikioni: "Nani leo?" Halafu nikamtajia jina la mtu aliye karibu. "Sema Mama. Sema, usicheke."

Naye alisema: "Jamaa yote ya Bagira inajulisha ndugu na marafiki walioko Kalehe, Kamanyola na kwingineko kifo cha mpendwa wao Mama, kilichotokea leo asubuhi baada ya ugonjwa mfupi. Kilio kiko nyumbani kwake. Tangazo hili limfikie kila anayehusika." Kisha aliinuka, akaenda kumgusa Mama kichwani. "Huyu iko hapa." Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka hata mara moja. Mimi ndiye niliyehitaji kuambiwa nisicheke.

Siku tuliyomchezea Koko mwenyewe, alitukamata. Hakunipiga. Alinishika sikio kwa vidole viwili, akanisogeza karibu.

"Zawadi, sikiliza. Kama mutu iko hapa, banagusa kichwa yake, kwisha. Lakini usitaje jina ya mutu mwenye haiko. Neno ikikosa kichwa, itaenda kuitafuta."

Niliitikia ndiyo, Koko. Kuitikia hakujawahi kunishinda.

Katekista wetu alikuwa Papa Donati, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivua mlangoni mwa kanisa tu. Nilimpeleka Nsimire kwenye mafundisho kila mara, kwa kuwa Mama alishona na hakuwa na pa kumwacha. Wazazi wengine walinung'unika. Papa Donati alimweka benchi la mbele kabisa, akawaambia: "Muache akae. Mungu anamusikia na vile." Nasema hili mapema ili ijulikane mtu niliyemtendea haya ni mtu gani.

Alhamisi moja Papa Donati aliuliza Roho Mtakatifu ni nani, na Nsimire akamjibu kwa sauti ya padri, "Tusimame kwa ajili ya Injili." Watoto wawili walisimama kweli. Nikaangua kicheko, nikashindwa kujizuia, na Papa Donati, aliyekuwa ameandika ubaoni orodha ya watakaopokea komunyo ya kwanza, akachukua kitambaa akafuta jina langu.

"Weye Zawadi utarudia mwaka. Sakramenti haiko teatre, haiko mchezo."

Gauni langu jeupe lilikuwa tayari. Mama alilishona usiku mbili. Nilirudi nyumbani, nikaketi mbele ya maharagwe, nikamsogelea mdogo wangu.

"Nani leo? Sema Papa Katekista. Sema, usicheke."

Akasema. Papa Katekista alikufa leo asubuhi baada ya ugonjwa mfupi, Kalehe na Kamanyola wakajulishwa, na moyo wangu ukapoa kidogo. Halafu Nsimire akainua mkono. Hapakuwa na kichwa. Mkono ukabaki hewani, ukageuka huku na huku, ukashuka. Akaanza tangazo upya. Mkono ukapanda tena. Nilimwambia basi, yameisha, tuchambue maharagwe. Kwangu yalikuwa yameisha.

Ijumaa, tangu tutoke shule hadi usiku, alizunguka uani akinong'ona. Niliyasikia maneno yake na sikuyajali.

Jumamosi asubuhi tuliingia kanisani kwa mafundisho. Akina mama wa usafi walikuwa wanafagia. Papa Donati alisimama karibu na ubao, kofia mkononi. Nsimire aliniponyoka, akapita katikati ya mabenchi akiwa amenyooka, akasimama mbele yake na kusoma lote, sauti ya radio ikajaa kanisa tupu. Wafagiaji wakaacha kufagia. Alipofika kwenye jina, nilimwona Papa Donati akikunja uso, kama mtu anayeitwa na asijue anaitwa kutoka wapi. Nsimire akainua mkono kuelekea kichwa chake. Hakufika, kwa kuwa mtu yule alikuwa mrefu mno na tayari amerudi nyuma hatua moja. Mama mmoja aliutupa ufagio, akamshika mkono, akamtoa nje akimburuta. Nsimire alipiga yowe ambalo bado nalisikia.

Mimi nilijua anataka nini. Alitaka kumalizia. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema, "Papa, inama akuguse kichwa," na sikuyasema, kwa sababu ya gauni.

Jumatatu alfajiri Papa Donati alianguka akichota maji, na kabla jua halijapanda alikuwa amekufa.

Sijui namna ya kueleza mshtuko ule kwa mtu mzima. Mtu mzima hushtuka kwamba fulani amekufa. Mimi nilishtuka kwamba nimeweza. Nilikaa chooni nimejifungia, nikitazama mikono yangu.

Jumanne mchana majirani walijaa kwetu kusikiliza tangazo, maana radio yetu ilikuwa na betri mpya. Koko akainua mkono. Mtangazaji akapumua, akaanza: jamaa ya Papa Donati wa Bagira inajulisha ndugu na marafiki walioko Kalehe, Kamanyola na kwingineko. Na kutoka pembeni, pale alipokuwa anapanga viatu, Nsimire akaingia pamoja naye. Walisema pamoja, neno kwa neno, mpumuo kwa mpumuo, hadi "limfikie kila anayehusika". Kisha jirani mmoja akachukua kikapu chake na kusema polepole, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," akatoka bila kuaga. Koko alikuwa ameketi na mkono bado juu. Nilimtazama nikitumaini atasema neno la kumtetea mtoto. Alisema, "Ile neno ilikosa kichwa," akajifunika kitenge usoni.

Jumatano, mkurugenzi wa shule alimtuma mtu kusema Nsimire akae nyumbani kwanza, maana wazazi walikuwa wamewahamisha watoto kutoka benchi lake na benchi lilikuwa limebaki tupu. Alasiri ya siku hiyo akaja Maman Asifiwe, mwanamke wa mtaa wa juu aliyekuwa na chumba cha maombi nyumbani kwake, na wenzake watatu. Papa, baba yetu, alikuwa Kalehe alikofundisha, na simu yake haikupatikana. Mama alikuwa peke yake, macho yamevimba, na kila aliyepita mlangoni alikuwa amemwambia neno lilelile.

Walimketisha Nsimire katikati ya sebule. Mimi nilisimama mlangoni na jagi la maji.

"Nani alikutuma?" akauliza Maman Asifiwe.

"Nani alikutuma?" akajibu Nsimire.

"Jibu. Usirudilie maneno yangu. Nani alikwambiaka majina ya batu?"

Nsimire alitikisika mbele na nyuma. Kisha akasema, si kwa sauti yake, bali kwa mnong'ono wa mtoto mwenye hila, karibu sana na sikio: "Nani leo? Sema Papa Katekista. Sema, usicheke."

Mmoja wa wale wanawake alipiga kelele. Maman Asifiwe akafunga macho, akalitilia mkazo lile 'njo' letu, yaani 'ndiyo'.

"Munasikia? Ile haiko sauti yake. Njo banamutumaka vile. Kila siku banamuuliza, 'Nani leo?'"

Kweli haikuwa sauti yake. Ilikuwa yangu. Alikuwa ameulizwa na akajibu, tena kwa ushahidi ambao mahakama yoyote ingeupokea, na watu wazima watano walikuwa wamesikia shetani. Nami nilikuwa nimesimama pale nikimsikiliza shetani huyo, nikimtambua kila pumzi, maji yakinimwagikia miguuni. Mama alinitazama. Nilifikiri ametambua. Alisema tu, "Weka jagi chini, utavunja."

Wakamchukua. Hakupinga, alipofika mlangoni aliinama kwanza akapanga viatu vyao.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine, kisha ukajifunga. Nilinyamaza Jumatano, nikanyamaza Alhamisi alipozikwa Papa Donati, nikanyamaza Ijumaa. Mama alienda kwa Maman Asifiwe asubuhi na kurudi jioni, hatuambii kitu. Nilipouliza Nsimire anakula nini, alisema wako kwenye maombi.

Jumamosi nilienda kwenye kilio. Mjane wa Papa Donati, Madame Odila, alikuwa mwalimu wa mwaka wa pili katika shule yetu. Sote tulimwogopa kwa sababu hakupaza sauti kamwe. Alikuwa ameketi kwenye godoro chini, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, akina mama wamemzunguka. Nilipiga magoti karibu naye. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na yote yakanitoroka.

"Madame, ile sauti ni yangu."

"Sauti gani?"

Nikamwambia yote: maharagwe, orodha, kichwa kilichokosekana. Nilisubiri kofi. Nadhani nililitamani. Madame Odila alinyoosha pindo la kitenge chake.

"Donati alikuwa na tension, damu inapanda, tangu Noeli," akasema mwishowe. "Dawa alikuwa anasahau. Miye nalikuwa namugombeza kila asubuhi, na ile asubuhi nalisahau na miye." Kisha akanigeukia. "Mutoto iko wapi?"

"Kwa Maman Asifiwe. Tangu Jumatano."

Akasimama. Kwetu mjane hatoki kwenye godoro kabla kilio hakijavunjwa. Wengine husema anayemkuta njiani anaokota msiba wake. Mwanamke mzee akamshika kitenge: "Madame, mujane hatokake."

"Donati njo amekufa," akasema. "Mutoto yeye hayakufa bado."

Alitembea pekupeku mtaa mzima, mimi nyuma yake, na watu walivuka upande wa pili wa njia. Muuza sambaza mmoja, vile visamaki vya ziwani, alifunika beseni lake. Madame Odila hakugonga mlango. Chumbani mlikuwa na giza na harufu ya mishumaa, na Nsimire alikuwa ameketi mkekani, midomo imepasuka, ananong'ona bila kusita. Mtoto alikuwa amepungua kama aliyeugua mwezi mzima.

Madame Odila alipiga magoti. Hakuuliza nani alimtuma. Alisema: "Sema ya Papa Katekista."

Wanawake wakarudi ukutani. Nsimire akasema lote, kwa sauti iliyokauka: Kalehe, Kamanyola, ugonjwa mfupi, kilio kiko nyumbani kwake. Mkono ukapanda, ukatafuta. Na Madame Odila, mjane wa siku tano, akaingiza kichwa chake chini ya mkono ule, chini ya jina la mumewe, mahali ambapo kwa imani ya Koko hakuna mtu mwenye akili angeingiza kichwa.

"Huyu iko hapa," akasema Nsimire.

Akashusha pumzi. Tangu Alhamisi ya maharagwe zilikuwa zimepita siku tisa, na tangazo lilikuwa limekwisha. Akanyamaza kabisa. Madame akaomba maji, na Maman Asifiwe mwenyewe ndiye aliyeyaleta.

Kilio kilipovunjwa, Madame Odila alienda kwa mkurugenzi na kumchukua Nsimire katika darasa lake. Wazazi walikuja juu. Hakubishana nao. Kwa kuwa mtoto yule alikuwa ameshika majina ya darasa zima kwa siku moja, alimpa kazi ya kuita majina kila asubuhi. Na watoto, waliokuwa wanakufa kwa hofu ya kutajwa naye, hawakuruhusiwa kujibu "présent" kama madarasa mengine. Kila mmoja aliguswa kichwa na kujibu mwenyewe: "Huyu iko hapa." Wiki ya kwanza wawili walijikojolea. Kufikia mwisho wa muhula walikuwa wanagombana nani aitwe mapema. Mafundisho ya komunyo pia aliyachukua yeye, mahali pa mumewe, na mwaka uliofuata tulipokea pamoja, Nsimire na mimi. Gauni langu lilikuwa limekuwa fupi. Mama aliliongezea pindo la rangi tofauti kidogo, na nililivaa hivyo.

Madame Odila yuko hai hadi leo, amestaafu, analima mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Koko alimsubiri afe miaka sita, kisha akatangulia yeye.

Jina la hali ya Nsimire tulilipata baadaye sana, kwenye semina ya walimu na makatekista parokiani: autisme, kwa Kiswahili cha vitabu usonji. Mama alilirudia mara tatu ili alishike. Mtoa semina alieleza kwamba baadhi ya watoto hawa huhifadhi maneno na kuyarudisha baada ya miaka. Tulitazamana na Mama, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuyapokea yetu.

Ilikuwa miaka kumi hivi baada ya ile Jumamosi. Nilikuwa nafunga bomba jikoni, Mama anaosha sahani, Nsimire anapanga vijiko. Maji yalipokatika, Nsimire akasema kwa sauti ya Maman Asifiwe: "Usimupe mayi. Ile kitu yenye iko ndani yake njo iko na kiu." Halafu, kwa sauti ya Mama, sauti ya Mama ya wakati ule, changa na iliyochoka: "Sawa. Kama njo vile Mungu anapenda."

Sahani haikuanguka. Mama aliiweka chini kwa uangalifu, akaketi sakafuni penye maji. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba alienda pale kila siku kumwombea mtoto wake atolewe. Nilitaka kumkasirikia, na hasira haikupata njia. Yeye alikuwa amesema sentensi moja, kwa hofu. Mimi nilikuwa na sentensi moja ya kusema na nikaikalia siku tatu. Nikaketi karibu naye. Nsimire alimaliza vijiko, akaanza uma.

Sasa nina watoto wawili na Nsimire anaishi nasi. Kwenye kwaya ya parokia ana kiti chake, na Jumapili akichelewa wanamsubiri. Watu wema huniambia, "Pole kwa mdogo wako asiyeweza kujieleza." Nawaitikia ahsante, na moyo unanishtuka palepale, kila mara, kama jana. Mtu yule alijieleza siku ya kwanza, mbele ya watu wazima watano.

Na bado anajieleza. Siku moja moja, mchana, tukiwa mezani, yule mtoto mwenye hila anarudi na kuninong'oneza karibu kabisa: "Nani leo?" Zamani niliinuka nikajifanya naangalia chungu. Siku hizi nauchukua mkono wake na kuuweka kichwani pangu.

"Miye," namwambia. "Njo miye nalisema, Nsimire."

Anatazama karibu nami. "Huyu iko hapa," anasema, na anaendelea kula.